Uzi: Dk. Catherine Hamlin wa Addis Ababa na mgonjwa wake aliyekuja kuwa daktari wa upasuaji

MkungaWaIleje

Ugonile wanajamvi, wa Iringa na Njombe kamwene, wengine wote habari za baridi. Tarehe 23 Mei ni siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi, kila mwaka naona mabango, watu wanapiga picha na tisheti mpya, kesho yake kimya. Mwaka huu nimeamua niandike mwenyewe. Ntaandika kwa vipande maana ni ndefu na natype kwenye simu, mnivumilie.

Mi ni muuguzi mkunga mstaafu, miaka yangu mingi nimeimalizia kwenye zahanati za huku milimani, Ileje kisha Rungwe. Naanza na jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Nikiwa bado mgeni kabisa kazini alikuja binti, kwa kumuangalia hajafika miaka 18, ametembea toka asubuhi. Benchi la nje lilikuwa limejaa akina mama wa kliniki, yeye akaenda kukaa chini pembeni kwenye ngazi ya nyuma. Nilipomwita akainuka nikaona alichokalia, kanga imekunjwa mara nne na chini yake kipande cha nailoni cha mfuko wa mbolea kimekatwa vizuri kabisa kwa mkasi. Akakikunja upesi akakificha kwenye kikapu. Miezi kadhaa nyuma alikaa na uchungu siku 3, mbili nyumbani na moja kwenye kituo alichopelekwa wakaambiwa wasubiri tu, mtoto akatoka amefariki, na baada ya kama wiki mkojo ukaanza kuja wenyewe usiku na mchana. Mume alikuwa ameshamrudisha kwao. Nikampa kikombe cha chai akakishika mikono miwili mpaka kikapoa, hakunywa hata tone, mi nikadhani anaona aibu.

Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia aoge mara kwa mara na abadilishe kanga, itapona pole pole. Ndo nilichokuwa najua. Akasema asante nesi, akaondoka na njia ile ile aliyokujia. Nilipokuja kujifunza kwamba ule ugonjwa unapona kwa upasuaji nilituma watu kijijini kwao, wakaambiwa alishahama na mama yake na hawajulikani walikokwenda.

Ndo maana nataka muelewe kwanini namuandika huyu daktari.

kijana_wa_mafiati

Mama shikamoo. Tunakusoma. Samahani naomba ueleze hiyo fistula inatokeaje maana wengi tunaisikia redioni tu tunajua ni ugonjwa wa mkojo basi

MkungaWaIleje

Marahaba mwanangu, umeuliza la msingi.

Mtoto akiwa mkubwa kuliko njia, au nyonga ya mama ni nyembamba, au amelala vibaya, kichwa kinashuka kinakwama. Sisi tunaita uchungu pingamizi. Sasa kichwa kimekaa pale kinagandamiza nyama laini kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, masaa yanakwenda, na nyama isiyopata damu inakufa. Mama akipelekwa kwa upasuaji mapema hakuna tatizo, akichelewa siku mbili tatu mtoto mara nyingi anafia tumboni, na siku chache baada ya kujifungua ile nyama iliyokufa inadondoka linabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mkojo haukai tena. Wengine tundu liko upande wa haja kubwa, wengine pande zote mbili. Na kuna wanaotoka pale mguu umelegea wanauburuza kwa sababu mishipa ya fahamu nayo ilibanwa.

Kwahiyo sio laana wala uchafu, na wala hakulala nje ya ndoa kama wanavyosemaga watu. Alicheleweshwa tu.

Haya naendelea. Catherine Hamlin alizaliwa Sydney, Australia, tarehe 24 Januari 1924. Udaktari kasoma chuo kikuu cha Sydney akamaliza 1946, baadae akiwa hospitali ya wazazi ya Crown Street hapo hapo Sydney akakutana na Dk. Reginald Hamlin, mtu wa New Zealand, wakaoana 1950, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Maisha yao yalikuwa mazuri. Sasa wakaona tangazo kwenye jarida la madaktari la Lancet kwamba Ethiopia inatafuta daktari bingwa wa uzazi aende kufungua shule ya wakunga Addis Ababa. Someni hapo vizuri, SHULE YA WAKUNGA, kilichowapeleka Afrika ni kufundisha. Mkataba miaka 3. Wakafika 1959 na mtoto wao mdogo, wakapangiwa hospitali ya Princess Tsehay.

Fistula walikuwa hawajawahi kuiona kwa macho, kwao ilikuwa imebaki vitabuni. Siku ile ile waliyofika daktari mwenzao akawaambia hawa wagonjwa wa fistula watawavunja moyo. Na kweli wakaanza kuwaona wakija, wametembea siku na siku, wengine wameuza walichonacho kupata nauli na kwenye basi wakashushwa kwa ajili ya harufu. Reginald aliwaita mahujaji wa fistula.

Basi wakachukua vitabu, michoro na maandishi ya waliofanya zamani, wakaanza kujifunza upya wakiwa madaktari bingwa tayari. Wakawashona na wakapona. Habari ikatembea kijiji hadi kijiji, huyu kapona akamwambia yule, foleni ikawa ndefu kuliko vitanda. Na ile shule iliyowaleta? Walifundisha wakunga 10 tu serikali ikaifunga kwa kukosa hela. Kumbukeni hiyo shule, ntairudia.

Mwaka 1974 wakafungua hospitali yao wenyewe, ya fistula peke yake, matibabu bure. Na mwaka huo huo ndio mfalme Haile Selassie kapinduliwa, wageni wengi wakafungasha, wao wakabaki humo humo kipindi chote cha Derg, ile serikali ya kijeshi. Reginald alifariki 1993 akazikwa Addis. Mama Catherine akabaki kazini, tena akiwa na miaka 90 na kitu alikuwa bado anaingia thieta. Alifariki tarehe 18 Machi 2020 nyumbani kwake ndani ya uwanja wa hospitali, ana miaka 96. Wanawake zaidi ya 60,000 wametibiwa kwenye hospitali zake. Alienda kwa mkataba wa miaka 3 akakaa zaidi ya 60.

Mzee wa Igawilo

Daah. Zaidi ya miaka 60 mtu yuko thieta, Mungu amlaze pema. Endelea dada yangu tuko hapa.

Chief_Mkwawa_Rd

Sawa mkuu tumesoma, ila mi nina swali na usinichukulie vibaya. Kila uzi wa namna hii ni mzungu kaja kutuokoa. Kwani Waafrika hawakuwepo? Hawa wanapewa medali, wauguzi wetu waliokesha na wagonjwa hakuna anayewataja

MkungaWaIleje

Sikuchukulii vibaya kaka, swali lako ndio moyo wa uzi wenyewe. Kwanza kuhusu kuwepo, Cairo kulikuwa na profesa Naguib Mahfouz, daktari wa Kimisri, alikuwa anashona fistula miaka mingi kabla hawa hawajakanyaga Ethiopia na maandishi yake yamesomwa dunia nzima. Pili, subiri nikwambie habari ya Mamitu.

Mamitu Gashe alikuwa binti wa kijijini Ethiopia, hajaenda shule hata siku moja, kaolewa mdogo. Mimba ya kwanza uchungu siku 4, mtoto akafa, na yeye akabaki na majeraha mabaya sana. Akafikishwa kwa akina Hamlin mwanzoni mwa miaka ya 60. Alifanyiwa upasuaji sio mmoja, kama mara 10, na hakupona moja kwa moja. Kurudi kijijini na hali ile haiwezekani, akabaki hospitali anatandika vitanda, anafuta wodi, anawashika mkono wagonjwa wapya wanaolia maana yeye anajua wanachokilia.

Sasa hapa ndo mimi huwa nasimama kila nikiisoma. Dk. Reginald akaona yule binti ana mikono imetulia na jicho linaloona. Akamuingiza thieta kushika vyombo, kisha kukata nyuzi, kisha kushona kidogo, kisha kidogo zaidi. Kiingereza hajui, kusoma hajui. Alikuwa anajifunza kwa kuangalia vidole vya mwenzie. Upasuaji wa fistula wenyewe unafanyika chini ndani, sehemu nyembamba, nyama imekakamaa kama ngozi ya viatu kwa makovu, ukivuta uzi vibaya inachanika tundu linakuwa kubwa kuliko mwanzo, huwezi kukimbiza. Na ukimaliza mama anakaa na mpira wa mkojo siku kadhaa, zamani kama 14, ili kibofu kisijae, mpira ukiziba usiku mmoja tu kazi yote imeharibika, kwahiyo nesi wa usiku ni sehemu ya upasuaji sawa na aliyeshika kisu. Mamitu alikuwa anayajua yote mawili, ya kitandani na ya mezani.

Akafika mahali anafanya upasuaji mwenyewe, tena ile migumu. Halafu madaktari bingwa waliosoma, wanatoka nje na digrii zao kuja Addis kujifunza fistula, wanasimama pembeni yake anawaonyesha. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha London kikatoa medali ya dhahabu kwa akina Hamlin na Mamitu akiwa pamoja nao. Kusoma na kuandika alikuja kujifunza ukubwani, shule ya usiku.

Kwahiyo kaka yangu, mi nikimsifia Hamlin simsifii kwa 60,000, daktari hodari wa kushona wako wengi. Namsifia kwa sababu walikubali kugawa kisu. Walimpa mtu ambaye kwa vyeti hata kufagia thieta asingeruhusiwa. Na mi kwa miaka yote niliyofanya kazi nimeona wakubwa waliokuwa wanajua kitu wanakificha, unamuuliza anakwambia hiyo sio level yako nesi. Ile siku ya yule binti na kanga yake, kama kuna mtu angekuwa amenifundisha dakika 10 tu, dakika 10, ningejua pa kumpeleka.

Chief_Mkwawa_Rd

Nimekuelewa mama. Huyo Mamitu sikuwahi kumsikia kabisa. Naondoa neno langu

AMO_Mstaafu_Tukuyu

Naomba nichangie maana hapo kwenye kugawa kisu umenigusa. Mimi nilikuwa AMO, daktari msaidizi. Vijana wa sasa huenda hamjui, sisi tulianza kama matabibu, ukifanya kazi miaka kadhaa unarudi chuoni miaka 2, mimi nimesomea hapa hapa Mbeya. Ukitoka unaweza kufanya upasuaji wa uzazi, ngiri, tumbo la dharura. Nchi ilikuwa na madaktari wachache mno na Tanzania ilianza kozi hii miaka ya 60 mwanzoni, na kwa miaka mingi ukienda hospitali ya wilaya usiku mama anahitaji kupasuliwa aliyekuwa anaamshwa ni AMO.

Mimi aliyenifundisha upasuaji wa kumtoa mtoto alikuwa ananishika kiganja. Yaani nakata yeye mkono wake uko juu ya wangu anausikia uzito. Siku akautoa hakuniambia, niligundua nimeshafika kwenye mji wa mimba niko peke yangu na mtoto analia. Mpaka leo nikipita Makandana mtu mzima ananiamkia ananiambia we ndo ulinitoa, namuangalia ana ndevu.

Sasa mchango wangu ni huu, kila upasuaji wa namna ile uliofanyika kwa wakati ni fistula moja ambayo haikutokea, na hiyo haina picha wala medali kwa sababu hakuna kilichotokea, mama karudi nyumbani na mtoto basi.

MkungaWaIleje

Daktari shikamoo!! Umenitangulia maana ndio nilikuwa naelekea huko. Kila mama asiyefika kwenye ile hospitali ya Addis ni kwa sababu kuna mtu alikuwa macho usiku.

Nilisema ntairudia shule ya wakunga. Yule mama aliibeba kichwani miaka yote. Mwaka 2007, ana miaka 83, akafungua chuo cha wakunga. Angalieni alivyokipanga, wanachukuliwa mabinti toka vijijini, kule kule fistula inakotokea, wanasoma miaka 4 hadi digrii, halafu wanarudishwa maeneo waliyotoka kufanya kazi. Maana binti wa mjini ukimpeleka porini atakaa miezi 6 anatafuta uhamisho, tumeona sana hata huku, lakini wa pale pale anajua lugha, anajua bibi gani ndiye anaamua nani aende hospitali na nani asubiri, na huyo bibi anamjua mama yake. Miaka hiyo hiyo alifungua na hospitali nyingine za fistula mikoani ili watu wasitembee wote mpaka Addis, Bahir Dar, Mekele, Yirgalem na kwingine.

Na wale ambao haikuwezekana kupona, wapo, aliwajengea kijiji nje ya mji kinaitwa Desta Mender, kwa Kiamhari ni kijiji cha furaha, wana nyumba zao na kazi zao.

Kuna jambo lingine dogo nalipenda kuliko medali zote. Mgonjwa akipona siku ya kwenda kwao anapewa gauni jipya na nauli. Gauni jipya. Kwa mtu ambaye miaka kadhaa kila nguo aliyovaa ililowa.

student_Mbeya_2

Shikamoo mama, shikamoo daktari. Mi nasoma udaktari mwaka wa 4. Naomba niongeze kitu ambacho darasani tunapitishwa harakaharaka. Huyu anayetajwa kama mwanzilishi wa upasuaji wa fistula, James Marion Sims wa Marekani, alijifunzia kwa wanawake watumwa huko Alabama miaka ya 1840, bila dawa ya usingizi. Watatu majina yao yanajulikana, Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha peke yake alipasuliwa kama mara 30. Baadae Sims akaenda New York wakafungua hospitali ya wanawake mwaka 1855. Na leo Marekani hiyo fistula ya uzazi karibu haipo, pale ilipokuwa hospitali hiyo miaka ya baadae pamejengwa hoteli ya Waldorf Astoria.

Nikilinganisha naona wote watatu na Mamitu walikuwa wagonjwa wa kupasuliwa mara nyingi, ila mmoja aliulizwa unataka kujifunza?

MkungaWaIleje

Mwanangu umeniliza. Hayo majina matatu yaandike kwenye daftari lako ukurasa wa kwanza. Na ukija kuwa daktari nesi akikuuliza swali usiku, mjibu.

Na nyie mlioko leba muda huu mnasoma huku zamu inaenda, patografu jamani, ile chati ya kufuatilia uchungu. Jazeni mkiwa na mama, sio asubuhi mnajaza zote kwa mpigo kukabidhi zamu. Mapigo ya mtoto kila nusu saa. Mstari ukivuka ule wa tahadhari piga simu, usione aibu kusumbua mtu, gari toka huku milimani mvua ikinyesha unaijua wewe mwenyewe inachukua muda gani.

Binti_Makete

Mama naomba nisikuchoshe. Nimesoma uzi wote toka juu usiku huu nikiwa nyumbani likizo. Shangazi yangu anakaa nyumba ya nyuma huku kwetu, mi nimekua najua tu shangazi ni mgonjwa hatoki, kanisani haendi, harusini haendi. Nimesoma pale kwenye nailoni nikaweka simu chini. Anayo na yeye. Ni miaka 14 sasa toka ajifungue. Je imeshapitiliza au kuna kitu kinaweza kufanyika? Hela hatuna mama.

MkungaWaIleje

Mwanangu pole, na asante kwa kuandika. Haijapitiliza. Wapo waliokaa miaka 20 na zaidi na wakashonwa wakapona. Sio wote wanaopona kabisa sitakudanganya, ila wengi wanapona, na bila kumpima hakuna anayeweza kusema yeye ni yupi.

Hela isikuzuie. Matibabu ya fistula hospitali ya CCBRT Dar es Salaam ni bure, na 2009 walianza utaratibu wa kutuma nauli ya mgonjwa kwa M-Pesa, kwahiyo kuwa mbali sio sababu. Ila usianze na safari. Kesho nenda mwenyewe hospitali ya Ikonda au ya wilaya, ongea na mkunga wa zamu, mwambie una ndugu mwenye fistula ya uzazi toka mwaka fulani, ataelekeza wapi pa karibu kuna kambi au daktari. Akikujibu vibaya nitafute inboksi mi nitampigia. Nauliza maswali matatu tu uyajibu huko inboksi sio hapa, mkojo unatoka muda wote au akikohoa tu, haja kubwa ikoje, na mguu anatembea vizuri?

Halafu kuna kitu kimoja cha kufanya leo hii. Muulize anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Wengi wanaacha kunywa ili wasilowe, ndio maana yule binti wangu hakugusa ile chai, nilikuja kulijua hilo miaka mingi baadae. Wakiacha maji mkojo unakuwa mkali, unachoma ngozi na harufu inazidi. Mwambie anywe, kwa wingi.

Binti_Makete

Nimeenda kwa shangazi. Nimemkuta yuko macho. Sikujua nianzeje nikamsomea tu uzi toka mwanzo, nilipofika pale kwa Mamitu akaniambia rudia. Ameniuliza hao watu wa Dar wanapokea na wazee.

Amekunywa vikombe viwili. Maswali nakutumia inboksi sasa hivi mama.